Zipu ya Kesho

Fundi cherehani na mumewe walikuwa wezi, tena wa kuibiana wao kwa wao, na nusura wizi huo uwatoe roho mlimani.

Haukuwa wizi wa ubaya. Walikuwa kwenye safari ya siku kadhaa kwa miguu, kila mtu na begi lake mgongoni: hema, chakula, nguo za baridi, vyote humo humo. Kila alfajiri mume, mpiga rangi mstaafu mwenye pumu na kiburi cha kutosha watu wawili, aliamka mapema akahamisha vitu vizito kutoka begi la mkewe na kuvitia kwenye lake. Akitoka kufungua kamba za hema, mke naye alivirudisha chapchap. Hakuna aliyewahi kulisema. Ndivyo walivyopendana miaka yote, kimyakimya.

Mwendo wao haukulingana. Fundi hajui kutembea polepole, mumewe hajui kuharakishwa. Basi wakakubaliana mke atangulie, amsubiri kwenye kila rundo la mawe linaloonyesha njia. Ukungu ukishuka, apulize filimbi na mwenzake ajibu.

Ukungu ulishuka mke akiwa kwenye rundo la juu kabisa. Akaketi, akafungua mfuko wa karanga alioupora asubuhi kwenye begi la mumewe, akatumbukiza mkono. Vidole vikagusa plastiki. Akatoa kipulizio cha pumu cha mumewe.

Kimefikaje kwenye karanga? Jibu lilikuja lenyewe, nalo lilimuuma. Mume alikuwa na mkoba wa kiunoni wa kuwekea dawa, na zipu yake iling'oka tangu wako nyumbani. Alikuwa ameomba ashonewe mara ngapi sijui. "Kesho, Baba Watoto," alijibiwa, kama wanavyojibiwa wateja wote wa dukani. Sasa mume wa watu kakosa pa kuweka dawa, kaitia kwenye mfuko aliodhani ataubeba mwenyewe.

Akapuliza filimbi. Kimya. Akapuliza tena mpaka masikio yakaziba. Kimya. Kisha akaelewa. Asiye na pumzi atapuliza nini?

Akalibwaga begi, akashuka na kipulizio mkononi. Njia haikuonekana hata mbele ya pua. Kushoto palikuwa na korongo, na mawe aliyoyasukuma kwa viatu yalianguka bila kusikika yakitua. Akaita hadi sauti ikakauka. Ghafla njia ikagawanyika, na wakati wa kupanda hakuwa ameuona mgawanyiko huo. Akikosea hapo, mumewe amekwenda. Hajawahi kuogopa hivyo maishani mwake.

Ndipo akasikia ngo. Kimya kidogo, kisha ngo, ngo. Chuma kwenye jiwe, chini upande wa kulia.

Akaifuata sauti, akiteremka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Mumewe alikuwa ameegemea mwamba, midomo rangi ya jivu, mabega yanapanda na kushuka, hewa haiingii. Mkononi alishika sufuria yao nzito, ambayo fundi angeapa kwamba ameirudisha kwenye begi lake mwenyewe asubuhi.

"Vuta," alisema, akimwekea kipulizio mdomoni. "Tulia. Vuta tena."

Ilichukua muda mrefu kabla kifua hakijaacha kupiga miluzi.

"Sufuria," mume akasema alipoweza, "nilikuibia tena. Ulipokwenda kunawa."

"Nyamaza, utamaliza pumzi."

"Umekasirika, Fundi?"

"Tena sana." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakujisumbua kuyafuta.

Akamfungua ule mkoba kiunoni, akauweka mapajani, akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye kola, akang'oa uzi kwenye pindo la nguo yake. Uzi ukakataa kuingia tunduni. Akaulamba, akajaribu tena.

"Acha, mama," mume akamwambia. "Mikono yote inakutetemeka. Utashona kesho."

"Leo," alisema fundi, akaendelea kulitafuta tundu la sindano.