Wiki Tatu Bila Aaa

…haya, piga picha, ndivyo ninavyowaambia watoto wa darasa la kwanza kabla ya hadithi, piga picha mwanamke wa miaka hamsini na saba amekaa wima kwenye kiti cheupe, halali, anakaa, maana ukilala mashavu yanarudi nyuma yanadanganya, lazima ukae tuone yanavyoanguka, kasema daktari, yanavyoanguka, kana kwamba mimi ni ukuta wa choo, na kalamu yake inanikwaruza kutoka sikioni hadi pembeni ya mdomo, mistari mitano huku, mitano kule, kila mstari uzi mmoja, unaingizwa kwa sindano, unavuta nyama juu, kisha baada ya miezi unayeyuka wenyewe humo humo, si upasuaji mama, nusu saa tu, na nesi anacheka, "Ukitoka hapa mama, mzee atakuuliza umempeleka wapi mke wake," mzee yuko kaburini mwaka wa sita, binti, lakini nimetabasamu, mjinga mimi, hata hapa natabasamu ili mtu mwingine asione haya… hasira ninayo tangu Jumanne, mkuu wa shule aliponiita ofisini, "Mwalimu, usije ukachukia, wazazi wanasema unaonekana umenuna, watoto wadogo wanataka sura changamfu, muhula huu labda tukupe stoo ya vitabu," stoo, mimi, miaka thelathini na moja ya kufundisha herufi nikakae na panya, ndiyo maana nimekuja hapa mbiombio, Jumatatu shule zinafunguliwa, nikasema nitaingia na uso mpya tuone atasema nini… "Sasa masharti," daktari anavaa glavu, "wiki tatu usifungue mdomo sana, usicheke kwa nguvu, usiimbe, usipaze sauti, uzi utaachia," wiki tatu, anasema nini huyu, hata hajaniuliza ninafanya kazi gani, aaa inafundishwa kwa kinywa kilicho wazi, baba, mtoto anautazama mdomo wako kabla hajaisikia sauti, ooo ni duara, iii ni meno yote nje, nikifumba midomo nitawafundisha nini, mmm, wiki tatu nzima mmm kama ng'ombe, yaani nilitetee darasa kwa kujiziba mdomo, na hii mikunjo anayoichorea kalamu nimeipata wapi kama si humo darasani, kwa aaa za asubuhi zote hizo… na mkuu mwenyewe, huyo huyo, zamani aliletwa darasani kwangu ana miaka sita, kalia mpaka katapika kwenye sketi yangu, hakutaka pipi, hakutaka kubebwa, nikachuchumaa mbele yake nikafungua mdomo, aaa, akanitazama, kamasi zinamtiririka, akafungua wake… "Uko tayari, mama?" sindano ya ganzi iko hewani, nesi kashika pamba, wote wawili wananisubiri, nami naichukua ile pamba naanza kufuta mistari ya kalamu, hasira imetulia, inajua sasa inamtafuta nani, Jumatatu nitaingia kwake na uso huu huu, sitapaza sauti, nitamwambia mwanangu, darasa sikuombi, hilo tutalizungumza baadaye, nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu, siku ile ulipoacha kulia ulikuwa unatazama nini.