Domomwiko wa Mama Mkwe

Mama mkwe alipohamia nyumba ya ghorofa, ukuta mmoja wa sebule ulibaki mtupu, nao ulikabiliana na kiti chake. Akawatangazia waume wa binti zake wawili, wazee walioshikwa na wazimu wa kupiga picha ndege wa majini: "Hapa patatundikwa picha moja tu. Nataka ndege anayenitazama. Mikia nimeichoka, wanangu."

Neno hilo lilimchoma mmoja wao, Fundi Saa. Alikuwa ametumia umri wake katika kijiduka chembamba, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Alikuwa na mkono usiotetemeka na subira ya jiwe, ila kila ndege aliyempiga picha alikuwa anaondoka. Alikuwa na mkia wa yangeyange, mkia wa sululu, na miguu ya kitwitwi isiyo na mwenyewe. Mkewe akiwaonyesha wageni albamu husema, "Mume wangu hupiga picha za kwaheri."

Sababu yake ilikuwa ya kheri, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Fundi Saa hakuweza kuacha salamu bila jibu. Kurudisha salamu ni wajibu, naye aliirudisha kwa ukamilifu, pamoja na rehema na baraka, kwa sauti iliyozoea kuadhini siku umeme unapokatika. Apite mchunga mbuzi juu ya tuta aseme "Assalaam aleikum," basi kutoka ndani ya majani litapanda jibu kama mzinga, na bwawa zima libaki maji matupu.

Hayo mwanyumba wake, mume wa dada wa mkewe, aliyajua vyema. Huyo alikuwa mpima ardhi mstaafu, na watu walimwita Mpima tu: mtu wa kofia iliyonyooshwa kwa pasi, na maneno yaliyonyooshwa zaidi.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, walikwenda pamoja kwa gari la Mpima hadi mabwawa ya majitaka nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali ambapo ndege hujaa kwa kuwa binadamu hawapapendi. Wakalala kifudifudi, kila mmoja chini ya pazia kuukuu la rangi ya majani lenye tundu la kutolea lenzi, huyu upande huu wa bwawa na yule ng'ambo.

Akaja domomwiko, mweupe kama kanzu ya Ijumaa, mdomo wake bapa akiufagia majini kushoto na kulia kama mpishi anayetafuta nyama ya mwisho chunguni. Akamkaribia Fundi Saa. Kichwa kikaanza kugeuka. Kidole kikatua juu ya kitufe.

Ng'ambo pakasikika chafya, kisha, kwa utulivu, "Alhamdulillahi."

Fundi Saa alifumba macho. Alijaribu kulimeza jibu, lakini haki ya Muislamu juu ya nduguye haimezeki.

"Yarhamukallah!"

Domomwiko akaruka. Kamera ikapata mkia.

"Mwanyumba!" aliita Fundi Saa. "Chafya hiyo imetoka wapi?"

"Puani, mwanyumba. Ulitaka itoke wapi?"

"Na mbona ilingoja ndege ageuke?"

"Ya Mungu mengi. Tulia basi, mbona unawafukuza ndege kwa kelele?"

Wakatulia. Jua likapanda, na harufu ikapanda nalo. Domomwiko akarejea, mara hii akimpa Fundi Saa mgongo, akasimama mbele ya lenzi ya Mpima kama bibi harusi. Wakati huohuo mlinzi wa mabwawa, aliyeajiriwa juzijuzi na asiyeambiwa lolote kuhusu wazee wanaojifunika mapazia, alipita juu ya tuta. Akaona pazia linapumua. Kwa kuwa alilelewa vizuri, akaanza kwa salamu.

"Assalaam aleikum."

Pazia kimya. Mpima alikuwa na ndege mzima ndani ya kioo. Jibu angelitoa baadaye, na nyongeza juu.

"Wewe uliye ndani ya pazia! Assalaam aleikum!"

Ng'ambo, Fundi Saa alikwisha fungua kinywa, akajizuia. Salamu imeelekezwa kwa mmoja, na wajibu wa mmoja haubebwi na jirani. Siku hiyo fiqhi ilikuwa upande wake.

Mlinzi akarudi nyuma. Kitu kinapumua, kina jicho moja la kioo, na hakirudishi salamu! "Audhu billahi," akasema, akakidunga kwa ncha ya rungu pale ambapo mtu aliyelala kifudifudi hana kinga.

Mpima alitoka mbele, pazia na yote, akaingia bwawani. Ndege wote wakapaa. Naye domomwiko, akilikimbia lililomjia, akageuka akamwelekea Fundi Saa uso kwa uso, mabawa wazi. Kidole kikabonyeza.

Wakati wa kurudi Mpima aliendesha gari akiwa amekalia mfuko wa plastiki, madirisha yote wazi.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Nami nimo?"

"Umo."

"Kiasi gani?"

"Kuanzia kiunoni kwenda juu. Kinywa wazi. Kofia inaelea kando."

"Si unaweza kunikata?"

"Nikikukata wewe, bawa la kushoto linakwenda nawe."

"Basi ifute, mwanyumba. Nisitiri, Mungu naye akusitiri."

Fundi Saa akaiinamia kamera. Ukuta wa mama mkwe ulikuwa mapajani mwake, na maneno ya mwenzake yalikuwa ya haki. "Futa mwenyewe," akasema. "Mimi mkono hauniendi."

Mpima akaegesha gari, akapangusa kidole, akaichukua kamera, akatazama. Akatazama tena: ule wekundu wa uso wa ndege, tone la maji lililoning'inia kwenye ncha ya mdomo, halijaanguka. "Subhanallah," akanong'ona. Kidole kikabaki hewani, kisha kikashuka bila kugusa kitu.

"Ile chafya," akasema mwishowe, "haikuwa chafya."

"Nilijua. Chafya ya kweli haina tajwidi."

Mama mkwe alivaa miwani. "Mashaallah! Huyu ndiye ndege. Na yule nyuma, mwenye matope?"

Fundi Saa akatazama zulia.

"Ni mimi, mama," akasema Mpima, kifua mbele. "Mwenzangu alikuwa hapati uso. Ikabidi mtu aingie majini amgeuze ndege."

"Kwa umri huo, baba?"

"Kwa ajili yako, mama."

Fundi Saa akaomba nyundo. Picha ikatundikwa. Tangu hapo kila mgeni akiingia, Mpima humsimulia mwenyewe, na kila akisimulia bwawa huongezeka kina. Majuzi maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mlinzi amekwisha geuka mamba. Fundi Saa humwongezea chai, na kimoyomoyo humwombea mamba maisha marefu.