Kome wa Bi Nasrin

Nilimpiga Bi Nasrin mkononi mbele ya wanawake wasiopungua sitini, na radhi sijaomba. Mjini hapa wanasema Hajira mpishi ameingiwa na wazimu. Waseme tu, midomo ni yao.

Mwantumu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka minne, hapa hapa Majengo. Siku hiyo alikuwa anaolewa na Shakiru, mtoto wa Bi Nasrin, na ndoa ilikuwa isomwe baada ya Alasiri. Saa sita mchana mama mkwe angekuja na wanawake wake kumlisha bibi harusi tonge la kwanza, kwa mkono wake, ndivyo wanavyofanya kwao. Na tonge lenyewe Bi Nasrin alitaka liwe la kome wa baharini, eti yeye ni mtu wa Tanga, mwanawe haozi kwa mtori wa ndizi wa huku mlimani. Wakaletwa alfajiri kwa basi kutoka Tanga, deli zima, ndani ya barafu.

Nikawachemsha, nikawatoa kwenye magamba, nikawaunga kwa nazi. Mimi sipakui chungu cha shughuli bila kuonja. Nikala watatu. Watamu, sikatai.

Saa tano na nusu kaka yangu Rahim akapiga simu kutoka Tanga, namsimulia habari za shughuli, akanikatiza. "Kome? Hajira, msile! Bahari huku imebadilika rangi wiki nzima, imekuwa kama kutu. Tumekatazwa kula chochote chenye gamba."

Nikampigia Bi Nasrin, alikuwa njiani. Nikamweleza. Akacheka.

"Wananuka?"

"Hawanuki."

"Basi! Kome mbaya hujitangaza kwa harufu. Chemsha tena, kamulia ndimu. Kilichoharibika Tanga kinatuhusu nini sisi huku mlimani? Au umekosa sababu ya kunivunjia shughuli?"

Nikaweka simu chini. Ndipo nikaona midomo inaniwasha. Nikasema pilipili. Pilipili gani? Sikuwa nimetia hata moja. Nikajigusa, midomo imekufa ganzi, na vidole navyo. Jamani, niliogopa! Nikamwambia Bernadetha, mwenzangu wa jikoni kutoka Kibosho, "Mwaga chungu chote shimoni, fukia, hata paka asionje."

"Yesu na Maria! Dada, chungu chote?"

"Chote!"

Kumbe Bi Nasrin ameshafika, na bakuli la tonge limeshapelekwa. Nilisikia vigelegele ndani. Nikakimbia na aproni yangu, miguu haisikii vizuri, nikapita katikati ya wale wanawake na mapambo yao. Mwantumu amekaa kitini, macho chini, mdomo wazi. Mkono wa Bi Nasrin uko hapo hapo. Nikaupiga. Tonge likaenda kwenye zulia, bakuli nikalipiga teke.

"Umelewa?" Bi Nasrin alipiga kelele.

Nilitaka kusema ni sumu. Ulimi haukugeuka. Nikatoa sauti tu, ovyo, na udenda, na wanawake wakanicheka. Harusini kwa mtoto wangu wakanicheka! Bernadetha ndiye aliyeingia na mikono ina udongo akawapazia sauti: "Mnacheka nini? Dada amekula hao kome! Leteni gari!"

Hospitali walinivalisha mashine ya kupumulia siku mbili. Daktari alinieleza baadaye: kuna mwani mdogo mno, jicho halioni, ukizidi baharini kome huunywa pamoja na maji, sumu ikabaki mwilini mwao. Haina harufu. Moto hauiui, ndimu ndiyo kabisa.

Siku ya tatu Bi Nasrin akaja. Mwantumu alikuwa ameketi kitandani kwangu amenishika mkono, hina yake bado haijafifia. Ndoa haikuwa imesomwa.

"Pole, Hajira," akasema. "Ila umenidhalilisha. Watu wananiuliza. Sema ugonjwa ulikupanda kichwani, hukujua unachofanya, yaishe. Ijumaa tusome ndoa. Usiposema, mwanangu simtoi."

Mwantumu akanibana vidole. Nilijua anampenda Shakiru, na moyo uliniuma, wallahi. Lakini nikasema, "Akili zangu zilikuwa timamu. Nilikuona, nikakupiga, na ukirudia nitakupiga. Kama ndoa inavunjika kwa hilo, ivunjike mtoto akiwa hai."

Mwantumu akauachia mkono wangu. Nikajua nimempoteza. Akasimama, akajifunga vizuri mtandio, akamtazama mkwewe usoni, yeye ambaye tangu posa hajawahi kumtazama usoni.

"Mama, shikamoo," akasema. "Tonge lile lilikuwa linakuja mdomoni mwangu. Wa kuomba radhi hapa ni wewe. Ukimaliza, ndiyo tutaongea habari za Ijumaa."