Fundo la Mama Nasieku

Mimi sijawahi kukosea kipimo. Ndivyo nilivyowaambia watu wote wa shamba lile la kahawa juu ya Makumira, mwaka 1913, na wengi waliniamini, maana nilisoma Tanga miaka sita.

Kifaa chenyewe kilikuwa pete ya chuma inayofunguka kama mdomo wa kuku, imeunganishwa na kisanduku chenye mshale. Waya huugusi. Unauzungushia pete kwa nje, juu ya mpira wake, na mshale unakuonyesha umeme unaopita ndani, kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa akajua moyo unavyokwenda. Fundi wa Kizungu alirudia mpaka akachoka: waya mmoja tu, Mikaeli. Mmoja unapeleka, wa pili unarudisha. Ukizizingira nyaya zote mbili, umeme wa kwenda na wa kurudi unafutana, na mshale unalala kana kwamba hakuna kitu.

Ilikuwa wiki ya nne ya mavuno. Mvua, matope, mvua. Mgongo wangu ulikuwa umezeeka kuliko mimi. Panya walikuwa wametafuna nyaya zinazotoka kwenye gurudumu la mtoni linalozalisha umeme kwenda kwenye mashine ya kumenya kahawa, na mwenzangu Sumari alitakiwa kukata kipande kibovu. Mwenzetu Lemburis alitumwa mtoni kufunga lango la maji ili gurudumu lisimame. Mashine, iliyokuwa mbali tusikoweza kuisikia, tuliiacha bila kuzimwa makusudi, ili umeme kama bado upo, pete iuone.

"Pima basi, msomi," alisema Sumari, kisu mkononi. "Ndeshi wangu ana miezi mitatu. Nataka aijue sura yangu."

"Ataijua, baba Ndeshi. Na akishaijua atalia."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

Sasa, kwetu kila kitu kirefu hufungwa kwa kamba ya mgomba: kuni, majani ya ng'ombe, na siku hizo hata umeme. Nyaya zile mbili zilikuwa zimeviringwa pamoja, pasipo nafasi ya kupitisha kidole. Kufungua fundo lililolowa kulitaka kucha na subira, na mimi vyote viwili viliniishia wiki ya pili. Nikafungua mdomo wa pete, nikazingira fungu zima.

Mshale haukutikisika.

"Umelala," nikasema. "Kata."

Ulisikika mlio mkavu, ukaruka mwanga wa buluu, na Sumari akawa chini kwenye matope. Alikuwa hai. Kiganja kilikuwa cheusi, na midomo inatafuta maneno. Lemburis akatokea anahema: "Lango limekwama! Nimewaita, mto umenifunika sauti!"

Fundi alipofika nilikuwa na jibu tayari.

"Pete imeharibika, Bwana. Nimepima waya mmoja, kama ulivyonifundisha."

"Msimlaumu kijana," Sumari alisema polepole, mkono umefungwa kitambaa. "Amepima. Nimemwona akipima."

Afadhali angenitukana.

Mama Nasieku alikuwa amesimama kwenye migomba na mzigo wake wa majani. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga nyaya za shamba lote.

"Shikamoo, mama," nikawahi.

"Marahaba." Akautua mzigo, akainama, akaligusa fundo kando ya mahali palipoungua. "Hili nimelifunga mwenyewe Jumatatu. Halijafunguliwa. Hebu nionyeshe, Mikaeli, huo waya mmoja uliupitishia wapi pete?"