Alichoangusha Mzee Pelham

Mwaka ule uliofuata Kombe la Dunia, Emérite alikuwa na kazi ambayo majirani zake wa mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, waliionea wivu. Alimtunza mzee mmoja Mwingereza kule Parkview: kumpikia, kumkumbusha vidonge, kumshika mkono kwenye ngazi. Binti wa mzee, aliyeolewa hapa Johannesburg na kumleta baba yake huku, hakuwa na neno Emérite akija na mtoto. Kelly, mwenye miaka minne, alishinda pajani kwa Mzee Pelham akimfundisha Kizulu. Jioni mama alimbeba mgongoni, wakawahi darasa la Kiingereza mjini. Maisha yalikuwa yameanza kukaa sawa.

Jambo lilianzia kwenye keki. Siku ya kuzaliwa ya mzee walikuja wageni, na mmoja wao akasimama na glasi mkononi akieleza jinsi mwenzao alivyotumikia jeshi la anga la Uingereza tangu ujana mpaka kustaafu. Emérite, mlangoni na sahani zake, alidaka machache tu. Kubwa lilikuwa cheo, maana walikirudia wakigonganisha glasi: Air Vice-Marshal. Siku zote alijua mzee alifanya kazi ya ndege. Ndivyo alivyomwambia mumewe, na mumewe akaelewa kiwanja cha ndege, pengine kukata tiketi.

Jioni alilitoa neno lile uani, kwa Angélique, Mkongomani aliyesuka watu nywele chini ya turubai. Angélique aliacha kitana hewani.

"Maréchal?" akasema. "Mama Kelly, unajua unachosema? Kwetu Maréchal alikuwa mmoja nchi nzima, rais mwenyewe, na jina hilo hakulipata kwa upole. Mtu hafiki huko bila kupita juu ya watu."

Emérite alicheka, lakini kicheko kiliishia njiani. Cyriaque, mumewe, alikuwa nyuma yake na sare yake ya ulinzi, tayari kwenda kazini, na yote ameyasikia.

Cyriaque hakuwa mtu wa maneno makali. Ila kwao Burundi, wakati wa vita, kajugujugu, ndivyo wanavyoiita helikopta, ilipita juu ya kilima chao ikishambulia, watu wakiwa shambani, na mdogo wake Alexis hakurudi nyumbani. Hata sasa helikopta ya polisi ikipita juu ya mji, Cyriaque husogea chini ya kibaraza chochote kilicho karibu, akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Mkono ulioangusha bomu haumshiki mtoto wangu," alisema, sauti ya chini kabisa. "Nitaongeza shifti. Wewe kesho kawaage."

Kesho yake Emérite alikwenda kuaga kweli, Kelly mgongoni, lakini moyo ulikataa aondoke bila kujua. Njia nzima alipanga sentensi yake, akaikagua kama mwalimu wa jioni alivyowafundisha. Alipomkuta mzee sebuleni, hata mkoba hakuutua.

"Mzee, uliangusha nini?"

Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nani amekwambia? Ni kikombe kimoja tu. Nimekificha nyuma ya pazia. Usimwambie binti yangu, atasema mikono yangu imekwisha."

Emérite hakujua acheke au alie. Akatua mkoba, akauliza upya, safari hii akionyesha darini kwa kidole: kutoka kwenye ndege. Akamweleza habari za Alexis kwa Kiingereza kilichokatikakatika, na mzee, ambaye kwa kawaida alipenda kumsahihisha, hakugusa hata neno moja.

Kisha mzee akasimulia yake bila kujipamba. Ujanani alirusha ndege za mabomu. Miaka ile wakubwa wa dunia walikuwa wakitishana, na kazi yake ilikuwa kulala na viatu karibu, akingoja amri ya kwenda kuangusha bomu moja ambalo lingefuta mji mzima. Amri haikuja.

"Ingekuja, ningekwenda," alisema. "Sitakudanganya. Nashukuru mpaka leo kwamba haikuja."

Baadaye alihamia ndege za mizigo, na huko ndiko alikopandia vyeo. Alibeba wagonjwa, akabeba mahema. Na mwaka mmoja wa njaa, katika nchi ya milima isiyo na pa kutua, waliruka karibu na ardhi wakisukuma magunia ya nafaka nje ya ndege. Alipofikia cheo kile kikubwa hakurusha tena. Alikaa mezani akipanga ndege ipi itangulie, ibebe nini, na ipi isubiri.

Kelly akainua kichwa kutoka kwenye midoli yake. "Kama marshal wa teksi," akasema.

Ikabidi mzee aelezwe kwamba kule kwenye kituo cha teksi za mjini yupo marshal, anayepanga foleni na kuwapigia watu kelele wajibane wanne nyuma. Alicheka mpaka akashika kifua.

"Huyo hasa," akasema. "Ila mimi nilikuwa msaidizi wake tu."

Cyriaque aliposimuliwa hakuamini. Mzee wa watu angesema nini kingine? Lakini siku yake ya mapumziko alivaa shati la kanisani, akaenda mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kiti, chai akaiacha mezani, akamtuma mkewe swali moja: akiwa kule juu, aliwaona watu?

Emérite alitafsiri macho yakiwa chini, na jibu akalitafsiri vilevile, neno kwa neno.

"Anasema aliwaona. Siku ya kwanza walimkimbia. Akina mama waliwalalia watoto wao. Magunia yakaanguka, hakuna aliyesogea mpaka ndege ikaondoka. Siku ya pili, mlio uliposikika tu, walimkimbilia."

Nyumbani walizungumza Kiswahili, na cha Cyriaque kilikuwa cha kambi ya wakimbizi Kigoma, naye hakutaka kukosea. "Walimkimbia, au walimkimbilia?"

"Walimkimbilia, Papa Kelly. Na mikono juu."

Cyriaque akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia: kwamba siku ile yeye alikimbilia migombani, Alexis akakimbilia mtoni, na kwamba ni yeye aliyemwonyesha mdogo wake njia ya mtoni. Emérite akalitafsiri hilo pia. Mzee hakutoa hotuba. Alisema pole, basi, akamsogezea kikombe, na Cyriaque akanywa chai yake ikiwa imekwisha kupoa.

Walipotoka, Emérite alitembea kando yake, asijue kama kesho atarudi kazini. Kelly alikuwa amelala begani mwa baba yake. Walifika kwenye robot, taa za barabarani, wakangoja ziwaruhusu kuvuka.

"Kesho umvalishe mtoto sweta," Cyriaque akasema. "Ile nyumba ina baridi."

Emérite akaitikia sawa. Taa ikawaka kijani, naye akamshika mumewe mkono wa shati, wakavuka.