Kiti cha Luc

Kitu cha kwanza kumtia Agathe hofu ni boksi la tishu. Lilikaa juu ya kimeza katikati ya viti viwili, tishu moja imeshavutwa nusu, imesimama kama ulimi. Basi hapa watu wanalizwa, akawaza. Na wenyewe wamejiandaa kabisa.

Alikuwa amevaa gauni lake la kuendea Home Office, ofisi ya uhamiaji. Mkoba ameukumbatia kifuani, ndani yake kila karatasi aliyowahi kupewa tangu ashuke ndege London, mpaka kadi ya kliniki ya binti yake Plamedi. Wiki nzima alikuwa akikariri majibu: tarehe, majina ya vijiji, rangi ya nguo za askari. Reine, rafiki yake wa kanisani Wembley, alimfunda kama kungwi.

"Yaya," Reine alimwambia, maana kwao Bukavu dada mkubwa ndiye yaya, "jibu mufupi. Ukisema mvua leo, kesho sema mvua. Ukisema manyunyu, umeisha! Banakurudisha Bukavu na mwavuli yako."

Walicheka wote wawili, lakini Agathe alicheka kwa meno tu.

Na kutokwenda asingeweza. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee, na alikuwa hodari, mpaka siku mzee Tarsem, kipenzi chake, alipobanwa na kifua. Dawa ya kuvuta ilikuwa ofisini, mwisho wa korido. Agathe akafika mlangoni, akageuka amwambie mzee amngojee, na hapo hapo mwili ukagoma. Mguu mmoja nje, mmoja ndani, anatetemeka kama nguo kwenye kamba. Mwenzake alisikia mzee anakoroma, akakimbia yeye. Mzee alipona. Meneja akasema kwa upole kwamba bahati haiji kila siku: Agathe apumzike kwanza, atafute msaada, kisha ndipo arudi kazini.

Ndipo akafikishwa hapa Kingsbury Road, juu ya duka la sari, kwa mshauri wa watu walioumia moyo, mama mmoja Mhindi aitwaye Bharti, mzaliwa wa Kisumu. Kiswahili alikipata dukani kwa baba yake akipima sukari na mafuta ya taa, kwa hiyo mkalimani hakuhitajika.

"Karibu, mama. Kaa popote unapopenda."

Popote! Mtego wa kwanza huo. Agathe akachagua kiti cha karibu na mlango.

Bharti naye akaketi. Hana kalamu, hana kinasa sauti, amekaa tu na macho yake makubwa kama mtu anayengoja chai ipoe. Agathe alingoja swali, swali halikuja. Akaanza mwenyewe kumwaga: Oktoba tisini na sita, vita vikaingia Bukavu, tukakimbia kwa miguu, mimi na mdogo wangu Luc...

"Unasema mbio sana," Bharti akasema taratibu, "kama mtu anayefukuzwa."

Agathe akashtuka. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Naona tu ulivyoushika huo mkoba."

"Hutaki kuona karatasi?"

"Hapa hakuna hakimu, mama. Sitafuti uongo wako, na sitakuambia la kufanya. Tunatafuta hofu yako imejificha wapi. Njia unaijua wewe, mimi nafuata nyuma."

"Daktari gani anamfuata mgonjwa nyuma?" likamtoka.

Bharti akacheka kicheko kikubwa cha sokoni. "Marehemu baba aliniuliza hivyo hivyo!"

Agathe hakucheka, lakini Alhamisi iliyofuata alirudi. Na iliyofuata. Akisema tumbo linamsokota, Bharti hamwambii ameze kidonge. Anauliza: hilo tumbo lingekuwa na mdomo, lingesema nini?

"La kwangu lingesema fufu na sombe," Reine akasema alipohadithiwa, akikiwazia kisamvu cha kwao.

Sasa ikaja Alhamisi moja ya mvua. Bharti alivuta kiti cha tatu kutoka ukutani, akakiweka mbele ya Agathe.

"Kila ukimtaja Luc unashika koo," akasema. "Kama kuna kitu ungependa kumwambia, tunaweza kufanya kana kwamba amekaa hapo. Ukitaka tu."

Damu ilimhama Agathe. Kwao, mtu asiyekuwepo huongeleshwa mahali pamoja tu, napo ni kwenye matanga. Wanawake hukaa chini, wakamwita marehemu kwa jina: umeniachia nani, mbona hukuniaga? Miaka saba Agathe hajakaa chini kwa ajili ya Luc. Padri akisoma majina ya marehemu kanisani, yeye hutoka akaenda chooni. Maiti imeonekana wapi? Hakuna aliyeiona. Sasa akimwita kwenye hicho kiti, na kiti kikanyamaza, si atakuwa amemzika kwa mdomo wake mwenyewe?

"Ondoa!" akapiga kelele. "Ondoa hicho kiti! Unataka nimuue?"

Bharti aliinuka palepale, akakirudisha ukutani. Aliporudi kukaa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimekutisha. Nisamehe, mama. Sikujua kwamba kumwongelesha ni kumuua."

Agathe akamkodolea macho. Katika ofisi zote alizopita nchi hii, hakuna aliyewahi kumwambia nisamehe, sikujua. Akauachia mkoba, ukaanguka sakafuni.

"Mguu wake ulikuwa umevimba," akasema. "Nilimficha nyuma ya tanuri la matofali, niende mtoni kuleta maji. Nikamwambia, ningojee hapa, narudi. Nafika mtoni, risasi. Watu wakanisomba. Nataka kurudi, njia imefungwa. Luc alikuwa mtoto mtiifu, mama. Ukimwambia ngoja, anangoja."

Mvua ilipiga dirisha. Chini dukani mtu alikuwa anabishana bei kwa Kigujarati.

"Bado anakungoja," Bharti akasema, sauti chini kabisa.

"Bado."

Ndipo Agathe akauona mlango wa mzee Tarsem, na neno lililomkwama kooni siku ile. Ningojee. Woga ukampanda kutoka miguuni, mkubwa kuliko wa siku ya kwanza, na mlango wa kutokea uko hapo ubavuni. Bharti hakumshika, hakumhimiza. Alibaki naye tu.

Agathe aliinuka. Lakini hakwenda mlangoni. Alikiburuta kile kiti mwenyewe, akakigeuza mgongo uelekee ukutani, kama mtu aliyeegemea tanuri. Msibani watu hukaa chini. Yeye akasimama.

"Luc." Sauti ilitoka ndogo, ya mtu anayeogopa kusikiwa na askari. "Ni yaya. Njia ilifungwa. Nilitaka kuja, ikafungwa." Akashika ukuta. "Usiningoje tena. Kama mguu bado unauma, chechemea, lakini toka hapo. Maji siji nayo. Inuka, baba, uende."

Aende wapi, kwa wazima au kwa wale wengine, hilo hakulisema, na Bharti hakumuuliza. Alilisogeza tu boksi la tishu karibu.

Baada ya Pasaka alirudi kazini. Mzee Tarsem alimkagua kutoka kilemba cha kichwa hadi viatu.

"Umepungua, dada. Haya, niletee chai."

Agathe akafika mlangoni. Miguu ikataka kugoma tena, kama siku ile. Akashika fremu ya mlango, akageuka.

"Ningojee, mzee," akasema. "Narudi."

"Na magoti haya nitakwenda wapi?"

Akatoka. Woga ulimfuata korido nzima, ukamngoja jikoni, ukarudi naye. Alipoingia, nusu ya chai ilikuwa imemwagika kwenye sahani. Mzee akaipokea hivyo hivyo, akainywa.