Mita Tatu na Sentimita Tano

Ringi ya mpira wa kikapu hukaa mita tatu na sentimita tano kutoka ardhini. Nililijua hilo kwa sababu nilikuwa nimekisoma kitabu cha sheria cha Mwalimu Tuneya, kocha wa shule ya binti yangu, mara mbili. Katika wazazi wote wa Garsen waliokuwa na mabinti kwenye timu ile, mimi peke yangu ndiye niliyekiomba.

Mwaka huo, 1998, Ifrah alikuwa kidato cha nne. Timu ilibakiwa na mchezo mmoja. Wakishinda, wangekwenda Mombasa kwenye mashindano ya mkoa. Wakishindwa, angemaliza shule bila kugusa mpira tena, kwa sababu ami zake walinikubalia acheze hadi kidato cha nne tu, tena kwa suruali ndefu na mtandio. Mimi ni afisa mifugo, nimezoea kuandika. Nilikuwa na daftari la mitupo yake: katika kila mitupo ishirini ya adhabu mazoezini, aliingiza kumi na minne.

Wiki moja kabla ya mchezo, kwenye kikao cha wazazi, nilisimama nikazungumza juu ya uungwana. Nilisema mzazi asimtukane refa, asizomee watoto wa wenzake, na kwamba ushindi uliopatikana kwenye uwanja wenye kasoro hauhesabiki. Walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa Tamar, mama wa mmoja wa wachezaji. Basi nikatoa mfukoni utepe wangu wa kazi.

"Tuanze na ringi zetu wenyewe," nilisema.

Utepe ule ni wa kitambaa, wa kupimia ng'ombe. Unamzungushia kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, unasoma sentimita, unatazama jedwali, unapata kilo. Nilikabidhiwa na serikali mwaka 1995, na tangu hapo wanunuzi kwenye mnada waliiamini kadi niliyoiandika kuliko maneno ya mfugaji. Wafugaji, ambao ni ndugu zangu, hawakuupenda. Kila mwezi Mzee Dado aliniambia mbele za watu, "Jibril, hii kamba yako inakula ng'ombe. Huyu dume mimi namjua tangu tumboni mwa mamake. Wewe unapunguza yeye." Na kila mwezi nilimjibu kwamba kwenye jedwali langu hakuna safu ya mapenzi.

Utepe una mita mbili na nusu, kwa hiyo ringi tulizipima kwa awamu mbili. Changawa, fundi wa kuchomea vyuma aliyezitengeneza, alipanda ngazi akashika ncha ya juu. Ringi ya kwanza ilikuwa mita mbili na sentimita tisini na nne. Ya pili ilikuwa vivyo hivyo.

"Haiwezekani, afisa," alisema Changawa. "Hizi nilipima kwa futi ya chuma, na mwalimu amesimama hapo hapo."

"Mafuriko yamepita tangu siku hiyo. Nguzo zimezama."

"Zote mbili? Sawa kwa sawa?"

"Udongo ni mmoja."

Jibu hilo lilinipendeza sana wakati ule.

"Baba Ifrah, si ziachwe tu?" alisema Tamar. "Wageni nao watatupia hizo hizo."

Nilimweleza kwamba sheria haisemi ringi zilingane, inasema mita tatu na sentimita tano. Kabla ya magharibi Changawa alikuwa amezipandisha mbao zote mbili zinazobeba ringi sentimita kumi na moja, huku akiguna.

Siku nne zilizofuata Ifrah alirudi nyumbani akijikanda bega.

"Baba, mpira unagonga chuma cha mbele unarudi."

"Ulizoea vibaya. Sasa unajifunza vizuri."

Alinitazama, akaenda kunawa.

Jumamosi wageni waliteremka kutoka shule iliyo upande wa juu wa mto pamoja na kocha wao, Mwalimu Gladys. Uungwana wa wazazi ulidumu dakika sita. Dakika ya saba Tamar alikuwa amesimama juu ya benchi.

"We refa! Hiyo filimbi ulinunua au uliokota?"

Mwingine alimjibu, "Afisa yuko hapa, atampima macho!" Uwanja mzima ulicheka. Mimi sikusema neno tangu mwanzo hadi mwisho. Nilijiona mfano mwema.

Wasichana wetu walikuwa wa kutupia mbali. Mpira baada ya mpira uligonga chuma cha mbele. Wageni nao walikosa, lakini walikuwa na msichana mrefu aliyesimama chini ya ringi na kuokota kila kilichorudi. Tulifungwa thelathini na moja kwa ishirini na saba. Mitupo ya adhabu ya Ifrah ilikuwa tisa, akaingiza miwili.

Baada ya kupeana mikono, Mwalimu Gladys alinijia kwa adabu.

"Mzee, usinielewe vibaya. Ringi zenu ziko juu kidogo. Wasichana wangu waliniambia walipokuwa wakipasha misuli. Niliwaambia wanyamaze, si uungwana kulalamikia uwanja wa mwenyeji."

"Ziko sawa kabisa," nilisema. "Nimezipima mwenyewe."

"Haya, mzee," alisema, kwa upole ambao watu huwawekea wagonjwa.

Basi lao lilipoondoka, Changawa alikuja na ngazi na futi yake ya chuma. Alipanda, akaiachia ncha ishuke hadi chini, nami nikasoma: mita tatu na sentimita kumi na sita. Tulisoma tena. Kisha nikautandaza utepe wangu ardhini, naye akalaza futi ubavuni mwake. Palipoandikwa mia mbili na hamsini kwangu, chuma kilisema mia mbili hamsini na tisa. Utepe ulikuwa umelowa kwenye mafuriko, ukaanikwa juani, na kwa miaka mitatu ulikuwa umevutwa na mafahali. Ulikuwa umerefuka, kwa hiyo ulisoma kila kitu kuwa kifupi. Sikuwahi kuupima. Ulikuwa ndio kipimo.

"Afisa," alisema Changawa polepole, "hapa tuko watatu. Mimi nazishusha leo leo, na mdomo wangu nauchomea."

Wa tatu alikuwa Ifrah, bado na jasho usoni.

"Mombasa imekwenda, Baba. Lakini wenzangu wanasema ni mimi niliyewaangusha. Utawaambia?"

"Takwimu za mchezo mmoja," nilianza, "hazitoshi kuthibitisha kwamba..."

"Baba. Utawaambia au hutawaambia?"

Niliwaambia. Walikuwa bado wamekaa darasani wakila mandazi yaliyoandaliwa kwa ajili ya ushindi, na Mwalimu Tuneya pamoja nao. Nilitaja vipimo vyote, vya kweli na vya uongo. Hakuna aliyelia. Tamar alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe refa tulimwonea bure," alisema. "Wa kutukanwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wazazi, kimya kabisa."

Ifrah alisubiri hadi tulipokuwa njiani.

"Na ng'ombe?" aliuliza.

Nilikuwa nimetumaini hesabu yake isingefika huko. Lakini hesabu nilimfundisha mwenyewe.

Siku ya mnada alikuja nami. Chuma hakizunguki kifua cha ng'ombe, kwa hiyo tulitumia kamba ya katani, tukaipima kwa futi ya Changawa. Mbele ya wanunuzi na wafugaji nilieleza kilichotokea, kisha tukaanza na dume la Mzee Dado. Kadi yake ya mwezi uliopita ilisema sentimita mia moja sitini na nne. Kamba ilisema mia moja na sabini. Kwenye jedwali, tofauti hiyo inapita kilo thelathini.

Mzee Dado hakucheka. Alimgeukia Ifrah, kisha mimi.

"Msichana walimfunga ngapi?"

"Pointi nne."

"Siku moja?"

"Siku moja."

"Mimi umenifunga miaka mitatu," alisema, "na refa ni wewe."

Watu waliangua kicheko. Ifrah aliandika mia moja na sabini kwenye kadi, akasita, akaifuta.

"Mshike vizuri, Baba," alisema. "Napima tena."